Jiko la Mama Mkwe: Tulibomoe au Tulibakize? (Sehemu ya 1 mpaka ya 6)

SEHEMU YA 1: Swali la kliniki



Siku moja ya kliniki ya watoto, mama mmoja kijana alibaki nyuma baada ya kupima uzito. Mtoto wake alikuwa amekohoa wiki nzima. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nesi, nyumbani kuna jiko la udongo la kuni, lina bomba la moshi. Alilijenga mama mkwe zamani, wataalamu walipokuja kijijini kufundisha. Mume wangu anasema tulibomoe tununue gesi. Mama mkwe hataki kusikia. Mimi nifanyeje?"

Zamani ningemjibu haraka: bomoa, nunua gesi, moshi ni sumu. Nimewajibu hivyo wengi. Ila siku ile nilimuuliza maswali mawili matatu, nikagundua jambo. Bomba la lile jiko lilikuwa limepasuka tangu masika. Na siku jiko likijaa moshi, alikuwa anahamia kwenye mafiga matatu pembeni, mtoto yuko mgongoni. Kwa hiyo mtoto alikuwa anavuta moshi wa mafiga, siyo wa jiko la bibi yake.

Nikaona nikiwaambia tu "nunueni" nitakuwa nawadanganya. Hili swali la jiko lina historia ndefu hapa kwetu, na historia hiyo inasaidia kuamua. Twende nayo taratibu.

SEHEMU YA 2: Kuni zilivyopotea Usukumani

Bibi zetu hawakuwa na shida ya jiko. Mawe matatu, sufuria au chungu juu, kuni zipo nyuma ya nyumba. Mafiga yana faida zake na tusiyadharau: hayana gharama, yanabeba chungu cha saizi yoyote, unaweza kuchoma viazi pembeni, na moto wake unaangaza nyumba. Kuni zikiwa kavu na unapikia uwanjani, moshi unapaa zake.

Shida ilianza kuni zilipoanza kuwa mbali.

Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha vita na mbung'o mkoani Shinyanga. Mbung'o alikuwa anaua ng'ombe na kuleta malale kwa watu. Mtafiti Charles Swynnerton aliweka makao ya utafiti wake Shinyanga, na njia mojawapo waliyotumia ilikuwa kufyeka vichaka na kuchoma misitu ili mbung'o akose pa kukaa. Watu wengi walitoka na mashoka kwa wito wa watemi wao. Kwa mfugaji ilikuwa nafuu kubwa, ng'ombe wakaongezeka. Lakini kichaka kile cha mbung'o ndicho kilikuwa pia kichaka cha kuni.

Halafu likaja zao la pamba, likahitaji mashamba makubwa. Mifugo ikazidi malisho. Kati ya 1974 na 1976 Operesheni Vijiji ikawakusanya watu waliokuwa wanakaa mbalimbali, wakawa kijiji kimoja, na miti iliyozunguka kijiji ikaisha upesi. Upande wetu wa Kahama tulikuwa bado na miombo, ila nayo ikaanza kuingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, tanuri za mkaa, na baadaye matimba ya kushikilia mashimo ya dhahabu.

Sasa mama wa Shinyanga afanye nini, na watoto wanataka ugali? Akapikia mabua ya mtama, mashina ya pamba, na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Vinawaka, ndiyo. Lakini vinatoa moshi mzito kuliko kuni kavu, na mama anapuliza moto muda wote kwa sababu haukai. Mvua ikinyesha anaingia nao ndani ya kijumba kisicho na dirisha.

Miaka 10 ya hivyo, miaka 20, miaka 40. Macho yanakuwa mekundu.

SEHEMU YA 3: Macho mekundu

Hapa naomba tusome polepole. Najua wengi wenu mmekulia kwenye habari hii.

Kwenye kanda yetu, bibi kizee mwenye macho mekundu amekuwa akiitwa mchawi. Mtoto akifa nyumba ya jirani, ng'ombe wakiisha, watu wanamkumbuka yule mwenye macho mekundu. Wengine walikatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Serikali ilipohesabu mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984, ilipata zaidi ya watu 3,600. Wengi wao walikuwa wanawake, na Usukuma ndio ulioongoza. Mwanazuoni Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika sana juu ya jambo hili. Na mauaji hayakuishia mwaka huo wa 1984.

Zilikuwepo sababu nyingi: ugomvi wa mashamba na urithi, wivu, waganga wapiga ramli, vifo vya watoto ambavyo watu hawakuvielewa. Sisemi kwamba jiko ndilo liliua. Lakini ile alama waliyoitumia kumnyooshea bibi kidole, kwa sehemu kubwa ilikuwa alama ya moshi.

Moshi unakausha na kuchoma ngozi nyororo ya jicho, mishipa midogo ya damu inavimba. Ukiendelea miaka na miaka, wekundu unabaki. Moshi wa jikoni unahusishwa pia na mtoto wa jicho. Yaani yule bibi alipata macho yale akiwapikia haohao waliokuja kumwita mchawi.

Na sasa tazameni upande wa pili. Ni nini kilikuwa kinaua wale watoto wa jirani? Mara nyingi malaria, kuhara, na nimonia. Na nimonia tunajua kwamba moshi wa jikoni unaongeza hatari yake. Inawezekana kabisa moshi uleule uliomwekundisha bibi macho ndio uliobana kifua cha mtoto, kisha watu wakaunganisha hayo mawili kwa njia ya kishirikina, wakati sababu ilikuwa imening'inia darini kama masizi meusi.

Ukiwa na mama mkwe mwenye macho mekundu, mlete kituoni apimwe macho. Na wajukuu waambiwe kwa nini bibi yao yuko hivyo.

SEHEMU YA 4: Majiko yalivyokuja, na yalikuja kwa ajili ya nini

Katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wazee wanaukumbuka kwa jina la HASHI. Uzuri wake, haukuanza na kitu kigeni. Ulirudi kwenye ngitili, ule utaratibu wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho lisiguswe mpaka kiangazi. Mwanzo ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa chache mno. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, kwenye vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya kimataifa ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kwa mama wa kawaida, tuzo ilikuwa kwamba kuni zilisogea karibu tena.

Miaka hiyohiyo dunia nzima ilikuwa inahangaika na majiko. Guatemala, baada ya tetemeko la ardhi la 1976, walibuni jiko la udongo na mchanga lenye matundu na bomba la moshi. Wazo lake likasambaa mpaka Afrika. Marekani, fundi Larry Winiarski akabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 chumba cha moto chenye umbo la kiwiko: kuni zinaingia kwa chini, moto unapanda wima kama kwenye bomba fupi. Majiko mengi ya kuni yanayouzwa leo kama "jiko banifu" yanafuata wazo hilo. Kenya nao walichukua jiko la ndoo la Thailand, wakatengeneza jiko la mkaa la bati lenye udongo wa kuchoma ndani, mafundi wa Shauri Moyo Nairobi wakalifanya la kwao. Likavuka mpaka, huku likaitwa Jiko Bora. Shirika la TaTEDO, lililoanza 1990, ni mojawapo ya waliofundisha majiko haya nchini.

Sasa ona kitu kimoja. Karibu majiko yote haya yalibuniwa ili kupunguza kuni na mkaa. Lengo lilikuwa mti. Pafu la mama na la mtoto lilikuja kufikiriwa baadaye. Ndiyo maana Jiko Bora la mkaa linaokoa mkaa kweli, lakini bado linatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksaidi. Huoni moshi, unadhani uko salama. Unaliingiza chumbani usiku wa baridi, au kumpasha joto mama aliyejifungua, mnafunga dirisha. Watu wamelala hivyo na hawakuamka.

Na jiko la udongo la mama mkwe? Lina mambo mawili. Ukuta wake mnene unakunywa joto kwanza kabla sufuria haijapata, kwa hiyo likijengwa vibaya linaweza hata kula kuni nyingi kuliko mafiga. Hilo liligundulika mapema huko Guatemala na kwingineko. Lakini lina kitu ambacho majiko mengi mapya ya kubeba hayana: bomba linalotoa moshi nje ya nyumba.

SEHEMU YA 5: Watafiti walipowapima watoto

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilibadilika.

Guatemala, mtafiti Kirk Smith na wenzake waligawa nyumba zaidi ya 500 kwa bahati nasibu. Nusu walijengewa jiko la kuni lenye bomba la moshi, nusu waliendelea na moto wa wazi. Matokeo yalitoka 2011. Hewa ya sumu aliyovuta mtoto ilipungua karibu nusu. Nimonia kwa ujumla wake haikupungua kwa kiasi cha kuwa na uhakika, lakini nimonia kali ilipungua kwa takriban theluthi moja. Na majiko hayo hayakuachwa yajifie. Yalikaguliwa na kukarabatiwa muda wote wa utafiti.

Malawi, majirani zetu hawa, walifanya utafiti mkubwa zaidi, watoto zaidi ya 10,000. Wakapewa majiko mapya ya kisasa ya kuni yenye feni ndogo, ila hayana bomba. Matokeo ya 2017: nimonia haikupungua. Majiko mengine yaliharibika, na mtoto aliendelea kuvuta moshi wa sehemu nyingine, wa jirani, wa takataka zinazochomwa, wa moto mwingine palepale nyumbani.

Baadaye wakajaribu gesi kabisa, kwenye nchi nne, Rwanda ikiwemo. Moshi ulipungua sana. Lakini hata huko nimonia ya watoto wachanga haikushuka kwa kiwango kilichoonekana wazi.

Je, moshi hauna madhara? Hapana jamani! Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 kwa mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Unaharibu mapafu, moyo, macho. Ninachojifunza mimi ni kwamba jiko jipya peke yake halimalizi kazi ya kumlinda mtoto. Anahitaji pia chanjo zake zote (ya nimonia tunayo Tanzania tangu 2013), anyonye maziwa ya mama tu miezi sita ya kwanza, na ale vizuri baadaye. Na ukinunua gesi halafu makande na maharage ukayarudisha kwenye mafiga ndani, mtoto mgongoni, umenunua pambo.

SEHEMU YA 6: Sasa tuamue

Mwezi Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Huko ndiko tunakokwenda na mimi naunga mkono. Lakini wewe unapika leo jioni. Kwa hiyo kaa na mume wako, na mama mkwe awepo, mjiulize haya.

Moja. Moshi unaenda wapi? Washa jiko la zamani, simama mlangoni. Moshi ukitoka kwa juu ya bomba na jikoni kunabaki kweupe, hilo jiko bado lina kazi. Moshi ukirudi kwenye matundu, kuna kasoro.

Mbili. Kasoro inatengenezeka? Mara nyingi ni masizi yameziba bomba, ufa kwenye udongo, au sufuria imekuwa ndogo kuliko tundu. Bomba lizibuliwe mara kwa mara. Ufa unazibwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na kinyesi cha ng'ombe. Sufuria ikae kwenye tundu bila kuacha uwazi, na tundu lisilotumika lifunikwe. Kama paa ni la nyasi, hakikisha bomba limepita juu ya paa na halijagusa nyasi, la sivyo mtapoteza nyumba. Lakini kama jiko limepasuka mpaka chumba cha moto, au halijawahi kuwa na bomba na liko ndani ya nyumba mnayolala, libomoeni bila majuto.

Tatu. Gesi utaweza kuijaza tena? Mtungi wa kwanza siyo gharama. Gharama ni wa pili na wa tatu. Andika kwenye daftari mwezi mmoja: umenunua mkaa au kuni za shilingi ngapi, kila siku. Wengi wa mjini Kahama wanaonunua mkaa wa kupima kwenye kopo wakijumlisha wanashangaa, wanakuta gesi haiko mbali. Anayeokota kuni bure kijijini hesabu yake ni tofauti, na asionekane mjinga. Ila ahesabu pia saa anazotembea.

Nne. Chakula gani kinakaa motoni muda mrefu? Hicho ndicho kitakachokurudisha kwenye kuni. Loweka maharage na makande usiku kucha. Yakishachemka vizuri, toa sufuria na mfuniko wake, izungushie mablanketi ndani ya kapu, yatamalizikia kuiva yenyewe. Ndipo utachemsha tena kidogo kabla ya kula.

Tano, na hii ni ya kwetu wachimbaji. Je, hilo jiko limewahi kuchomewa dhahabu? Najua mnanielewa. Zebaki ikichomwa inageuka mvuke, mvuke unaingia kwenye mapafu, unashika kwenye kuta, kwenye nguo. Inaharibu ubongo wa mtoto, na wa yule aliye tumboni. Jiko lililochomewa dhahabu halipikiwi chakula tena, la zamani au jipya. Na asichomee mtu ndani ya nyumba.

Ukishajibu hayo, uamuzi mara nyingi siyo bomoa au bakiza. Familia nyingi zitakuwa na viwili kwa muda: gesi au umeme kwa chai, uji, mboga na wali, na jiko la bomba lililokarabatiwa kwa makande. Ambacho nakuomba kitoke mapema kabisa ni yale mafiga ya ndani. Na mtoto atoke mgongoni wakati wa kupika. Akae na bibi, na shangazi, na kaka yake, uwanjani pasipo na moshi. Usiwashie moto kwa mifuko ya nailoni.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi: mlete kituoni leoleo. Kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, akishindwa kunyonya, akilegea au kupata degedege, usingoje kupambazuke. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20, usipake dawa ya meno wala unga, mlete.

Yule mama kijana? Alirudi mwezi uliofuata. Mume wake na mama mkwe wamezibua bomba na kuziba ufa pamoja. Mafiga wameyatoa nje, ni ya siku za sherehe. Gesi wanadunduliza. Mama mkwe alikubali kwa sharti moja, kwamba jiko lake lisibomolewe mpaka mtungi wa pili uwe umejazwa.

Nikacheka, nikamwambia: mwambie mayu huyo anajua hesabu kuliko sisi.

Mpelekee post hii mtu mmoja anayepikia ndani. Na bibi yako mwenye macho mekundu, kesho msalimie vizuri.